WIKIENDI KWENYE KISIWA CHA MCHANGA: Kidogo mto utubebe na Land Rover ya mjomba!

  Mimi niko huku Bariadi, natafuna michembe yangu taratibu.

Wiki hii nimekuja na mambo ya kutoka. Sisemi kutoka kwenda kukaa baa hadi mfuko utoboke, la hasha! Nazungumzia kubeba hema, maji na sufuria, kupanda gari linalovuta kwa miguu yote minne, halafu kwenda kulala porini kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Najua wapo watakaoguna: "Ah, hayo si mambo ya Wazungu?" Hapana ndugu yangu. Babu zetu wafugaji walilala porini na ng'ombe miaka nenda rudi na hakuna aliyewaita watalii. Tofauti ni kwamba wao walijua wanalala wapi. Sisi tulikuwa hatujui, na hiyo ndiyo habari yangu ya leo.

WAZO LILIANZIA STENDI

Basi bwana, ilikuwa Novemba mwaka juzi. Tuna mshikaji wetu mmoja fundi simu, kijiwe chake kiko jirani na stendi. Mchana mmoja wa joto akatuonyesha picha kwenye simu ya mteja. Bahari ya bluu, mchanga mweupe, na magari yanatembea juu ya ufukwe kama yako barabara ya lami. Pembeni watu wamepiga mahema, wanachoma nyama, raha mustarehe.

Kisiwa chenyewe kiko Australia, katika jimbo la Queensland, na kinaitwa K'gari. Kwa miaka mingi kilijulikana kama Fraser Island, mpaka Juni 2023 kiliporudishiwa rasmi jina la wenyeji wake, watu wa Butchulla. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichoumbwa kwa mchanga. Urefu wake ni kama kilometa 120, na tangu 1992 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wanavuka na magari yao kwa pantoni, wamekata vibali vya gari na vya kambi kabla hawajafika, na wanaendesha ufukweni wakati maji yamekupwa.

"Jamani," fundi simu akasema, "na sisi tutafute kisiwa chetu cha mchanga."

Tukacheka. Bariadi na kisiwa wapi na wapi! Lakini mmoja wetu, kijana wa bodaboda, hakucheka. Akasema anakijua kimoja. Upande wa mashariki, baada ya kuacha lami na kwenda mwendo wa kama saa moja na nusu ya vumbi, kuna mto wa msimu, moja ya ile mito inayokwenda kujimwaga Simiyu. Katikati yake kuna tuta la mchanga, refu kama viwanja viwili vya mpira, na juu yake miti mitatu. Mto umegawanyika mkono wa kulia na wa kushoto, yote mikavu. Ukisimama pale unaona mchanga mbele na nyuma. Kisiwa kamili!

Tukawa sita. Fundi simu, wa bodaboda, dada mmoja fundi cherehani, mwingine karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, shemeji mmoja mtu wa Tanga, na mimi mwandishi wenu. Tukachanga Sh. 50,000 kila mtu. Tukakaa vikao vitatu, kwa daftari na kalamu. Mchele kilo tano, ndoo ya maji, mkaa, mbuzi nusu, soda, redio ya muziki, viberiti, blanketi. Msomaji, ile orodha ilijaza kurasa mbili na bado naitunza. Ukiitazama vizuri utaona imejaa vya kula na vya kustarehe. Hakuna mstari hata mmoja uliosema: tumuulize nani?

MJOMBA NA SHARTI LAKE

Gari ilikuwa ya mjomba wangu, Land Rover 109 kuukuu, ya kubebea mizigo ya wafanyabiashara wanaozunguka minadani. Gari hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake watatu. Nilimfuata jioni, nikapiga magoti kama inavyotakiwa kwetu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Ukipiga magoti hivyo najua kuna jambo."

Nikajieleza. Akanyamaza, akavuta kikoi chake vizuri, halafu akasema: "Mafuta utarudisha kama ulivyoyakuta. Na gari langu lisikanyage mto. Novemba hii."

"Sawa mjomba."

Nilijibu haraka mno. Moyoni nilijua tunakwenda mtoni. Nikajidanganya kwamba mto mkavu si mto.

MZEE ALIYETUPUNGIA MKONO

Ijumaa saa nane mchana tukaondoka, muziki juu. Kijana wa bodaboda ndiye dereva, maana leseni anayo na maneno anayo. Tulipoacha lami vumbi likatimka mpaka nyuma hatuoni kitu. Anga juu yetu jeupe, jua kali, hakuna dalili ya mvua.

Karibu na mto kuna boma moja, nyumba za bati mbili na zizi la miiba. Mzee mmoja akatoka mbio mbio na fimbo yake, akasimama pembeni ya njia, akawa anapunga mkono juu chini, juu chini.

"Huyo anataka lifti," dereva akasema. "Tukisimama atatujazia mizigo."

Tukampita. Fundi simu akampungia kwa kejeli, sote tukacheka. Nilimwona mzee kwenye kioo, amefunikwa na vumbi letu. Picha hiyo haijanitoka mpaka leo.

Tukateremka mtoni. Ghafla gari likazama, miguu ya nyuma ikaanza kuzunguka bure na kurusha mchanga. Dereva akaongeza moto. Kumbe, mpenzi msomaji, kwenye mchanga ukiongeza moto ni sawa na kujichimbia kaburi. Kila tairi linapozunguka linachimba shimo lake. Dakika tano tu, gari limelala tumbo. Tena kwenye zile Land Rover za zamani kuna kidude cha kuzungusha kwa mkono pale katikati ya gurudumu la mbele. Usipokifunga, hata uvute gia gani, miguu ya mbele haivuti kitu. Dereva wetu hakukijua. Tulikuwa tunatembelea miguu miwili na kujisifu kuwa tuna minne!

Koleo hatuna. Mbao hatuna. Kamba ya kuvutia hatuna. Redio tunayo.

Kuangalia saa, inagonga kumi na mbili kasoro. Simu hazishiki mtandao. Shemeji wa Tanga akasema basi, si ndipo tulipokuwa tunakuja? Kisiwa kile pale, hatua hamsini. Tulale, kesho Mungu mkubwa. Tukabeba mizigo kwa miguu mpaka kwenye tuta, tukasimika mahema mawili, tukawasha moto. Nitakuwa mwongo nikisema palikuwa pabaya. Mchanga ulikuwa bado una joto la jua, laini kama unga. Kwa mbali vijana walikuwa wanamalizia kunywesha ng'ombe kwenye visima walivyochimba mchangani. Jua likazama jekundu. Dada karani akavua viatu akasema, "Kumbe hata kwetu kuzuri hivi!"

"HAMUONI KULE?"

Mbuzi ndo kwanza anaanza kunukia, yule mzee akatokea gizani na tochi, na vijana wawili nyuma yake. Muziki ukazimwa.

"Mwadila," akatusalimia yeye, mzee, kabla yetu. Aibu ya kwanza.

"Mhola, guku," nikajibu. Guku ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu.

Hakukaa. Akaelekeza fimbo mashariki. Kule mbali, upande wa Serengeti, umeme wa radi ulikuwa unapiga kimya kimya, bila hata sauti. Sisi tulikuwa tumeuona tangu jioni, na dada fundi cherehani alikuwa ameupiga picha.

"Hamuoni kule? Kule kunanyesha tangu mchana. Nilikuwa nawasimamisha niwaambie, mkanipita. Mmelala njiani kwa maji."

Hapo ndo nikaelewa mkono ule juu chini, juu chini.

Mzee akatueleza kwa maneno machache. Sehemu kubwa ya nchi yetu ni udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu una nyufa za kuingia mguu, lakini ukishashiba maji unavimba na kujifunga, hauzamishi hata tone. Mvua kubwa ikipiga juu ya udongo huo, maji yote yanateremka kwenye vijito, vijito vinakutana mtoni. Huku chini wewe unaona nyota, kumbe maji yako safarini yanakufuata. Yakifika hayaji kidogo kidogo kama ya bomba. Yanakuja na magogo.

"Yatafika saa ngapi, guku?" shemeji akauliza, sauti imekauka.

"Mimi si redio," mzee akasema. "Tokeni."

Mahema tuliyang'oa bila kukunja. Tatizo likabaki gari. Nikaiona sura ya mjomba, nikaona na wale watoto wake. Nikaanza kulia, sifichi. Mzee akanitazama, akawatuma vijana. Wakarudi na maksai wanne, nira mbili na mnyororo wa plau. Fundi simu naye, baada ya siku nzima ya kejeli, akasema neno la maana. Alikuwa amesoma kwamba kule K'gari wanapunguza upepo wa tairi ili zilale bapa na kukanyaga mchanga eneo kubwa. Tukatoa upepo kwa kubonyeza valvu kwa kijiti, kila tairi, mpaka likabaki na kama nusu ya upepo wake. Tukachimba kwa mikono na sahani. Kijana mmoja wa mzee akainama akazungusha vile vidude vya mbele. Alikuwa ameshawahi kuwa tingo.

Dereva akaweka gia nzito, taratibu, safari hii bila papara. Vijana wakapiga miluzi. Maksai wakainama mbele, mnyororo ukakaza, gari likaguna. Likasogea hatua moja. Likasogea mbili. Mpaka likapanda ukingo. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku.

Saa saba na kidogo tukasikia sauti kama lori linapita mbali. Sote tulikuwa macho, uani kwa mzee. Tukaenda na tochi mpaka ukingoni. Mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi na povu. Tuta halikuonekana. Tuliona vichwa vya ile miti mitatu tu, vinatikisika. Ndoo yetu ya maji na nusu ya mbuzi tulivyosahau pale vilikwenda zake. Juu yetu, mpenzi msomaji, palikuwa na nyota tupu. Hata tone moja halikutudondokea usiku kucha.

Hakuna aliyesema kitu. Dada karani alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

Asubuhi tukachanga zilizobaki, Sh. 70,000, tukampelekea mzee kwa mikono miwili. Akazikataa.

"Ng'ombe wangu hawali noti. Siku nyingine ukiona boma, simama usalimie."

NDOO SI MPANGO

Sasa tuongee kama ndugu. Safari hii ilivurugika si kwa sababu tulikosa fedha au gari. Gari tulikuwa nalo, tena la shoka. Tatizo letu ni kwamba tulipanga starehe, hatukupanga maji. Watu wa kule K'gari kabla ya kuwasha gari wanaangalia ratiba ya kujaa na kupwa kwa bahari. Sisi tuliangalia picha. Na kwetu ratiba ya mto haijaandikwa mahali. Iko kichwani mwa mzee aliyesimama njiani na fimbo.

Kama nawe umepata wazo la kwenda kulala porini na wenzako, kata ukurasa huu uweke ndani ya daftari la safari.

Kwanza, msimu. Huku kwetu mvua za mwanzo huanza Oktoba au Novemba, na za mwisho hukolea kuanzia Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ndo wakati wa kulala nje. Wakati wa mvua hata four-wheel yako haisaidii kwenye mbuga. Udongo unajaza tairi mpaka linakuwa kama andazi. Wazee wana jina kwa kila udongo, luseni ni mchanga, mbuga ni ule mweusi, na wanajua kila mmoja unapitika lini. Uliza kabla ya kukanyaga.

Pili, mahali. Usipige hema ndani ya mto mkavu, hata uwe umekauka miaka mitatu, na hata kisiwa chake kiwe kizuri namna gani. Panda juu ya ukingo, mbali na njia ya ng'ombe. Ardhi ya kijiji ina wenyewe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, jitambulishe, sema mko wangapi na mnaondoka lini. Hilo halina gharama zaidi ya salamu, na usiku likitokea la kutokea kuna mtu anayejua mko wapi.

Tatu, gari. Hakikisha dereva anaijua gari yenyewe na si kuendesha tu. Beba koleo, mbao mbili ngumu za kuweka chini ya jeki na chini ya tairi, kamba nene, spea mbili ukiweza, na pampu. Sisi tulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, matairi manne, kwa zamu, kuanzia saa moja asubuhi hadi jua la utosi! Kwenye mchanga punguza upepo, nenda mwendo mmoja usiokatika, usifunge breki kwa ghafla. Likianza kuzama, acha moto, shuka, chimba. Ukirudi kwenye barabara ngumu jaza upepo tena, maana tairi bapa kwenye lami linapata moto na kupasuka.

Nne, maji na chakula. Ndoo moja kwa watu sita ni mzaha. Weka angalau lita tano za kunywa kwa mtu kwa siku, ya kupikia na kunawa mbali. Chakula beba kisichooza. Hapo ndo michembe na matobolwa vinawapiga bao biskuti zote. Viazi vitamu vilivyokaushwa vinakaa miezi, havina uzito, na ukichemsha na karanga umeshiba.

Tano, mtu wa nyumbani. Mwachie karatasi: njia gani, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi. Sisi tulimwachia mjomba uongo. Maji yangetuchukua, angeanza kututafuta barabara ya Maswa.

TULIVYORUDIA, SAFARI HII KWA ADABU

Jumapili ile nilirudisha gari limeoshwa linang'aa. Mjomba akainama, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu, kikatoka na mchanga wa mto. Akanitazama. Nikamwambia yote, mpaka ule mkono wa kejeli. Nilijua atafoka. Hakufoka.

"Gari ningehangaika, labda ningenunua jingine," akasema. "Dada yangu ningemwambia nini?"

Dada yake ndiye mama yangu.

Wiki mbili baadaye alinipeleka mwenyewe kwa yule mzee, na kilo tano za sukari na blanketi. Sukari haikukataliwa. Wakaongea ng'ombe mpaka jioni, mimi nimekaa kimya kwenye kigoda.

Juni mwaka jana tukaomba tena. Mjomba akakubali kwa sharti moja: anaendesha yeye. Na safari hii tukafuata njia ambayo namshauri msomaji yeyote anayeanza. Toka Bariadi mpaka Lamadi, wilaya ya Busega, ni kama kilometa 70, zote lami. Tangu Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, baada ya kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, hiyo ndiyo njia yetu ya kwenda ziwani. Ijumaa jioni umefika, unakula sato wa moto, unalala sehemu iliyojengwa kwa ajili ya wageni na mahema. Ghuba ya Speke iko pale karibu. Utaiangalia, utapiga picha, lakini kuoga nakukataza. Ziwa lina kichocho, na vichakani mwa ufukwe kuna viboko na mamba wasiojua kama umekuja kupumzika.

Jumamosi alfajiri mnaingia lango la Ndabaka, kidogo tu mbele ya Lamadi kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma. Hilo ndilo lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti. Wengi wetu tunadhani Serengeti ni ya kupitia Arusha na ya wageni wenye dola. Si kweli. Raia analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni, na anaruhusiwa kuingia na gari lake. Chukua kitambulisho. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, kwa hiyo usiende na furushi la noti ukadhani utapokelewa dirishani. Omba na kibali cha kambi mapema, kwa sababu kulala ni kwenye sehemu zilizotengwa tu.

Ndani kuna sheria. Mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, usiache njia, usishuke ovyo. Mavazi ya bluu iliyokolea na meusi acha nyumbani, maana ukanda ule una mbung'o wanaopenda rangi hizo, na wanauma mpaka juu ya suruali. Sisi tulikuta nyumbu wameshafika ukanda wa mto Grumeti, kama wafanyavyo kati ya Mei na Julai. Ardhi nzima ilikuwa inatembea. Mtoni mamba wamelala midomo wazi, wakubwa kama mitumbwi. Shemeji wa Tanga akasema papa wa kwao ni watoto.

Usiku kambini hakuna ukuta. Fisi walipita karibu na hema, nikasikia mpaka pumzi zao. Nyama hatukuacha nje, chakula chote kilikuwa ndani ya gari limefungwa, kama tulivyoelekezwa langoni. Maana safari hii, mpenzi msomaji, kila tulipofika tuliuliza. Mjomba alikuwa anasimamisha gari mpaka wenzangu wanachoka. Anashuka, anavua kofia, anasalimia, anauliza njia hata kama anaijua.

Jumapili tulipokuwa tunarudi Bariadi, karibu na daraja moja, mama mmoja mwenye kikapu akatupungia mkono. Gari lilikuwa limejaa. Dereva wetu wa zamani, yule wa bodaboda, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema: "Mjomba, simama. Tumsikilize."

Mama alikuwa anataka lifti. Tukambana nyuma, juu ya mahema, na kikapu chake cha nyanya.

Wiki ijayo panapo majaliwa nitakuletea habari ya minada ya ng'ombe na mbinu za matapeli wanaowalia vijana hela zao huko. Kwa leo naomba niishie hapa. Na ukipanga safari yako, kumbuka kuandika kwenye daftari ule mstari tuliousahau. Alamsiki!